Mwereka wa Pili

Kila asubuhi Tomokazu alilazimika kulipita anguko lake mwenyewe. Bango lilikuwa ukutani kando ya dirisha la tiketi, kubwa kama mlango, na hapakuwa na njia nyingine ya kufika gatini. Pichani alikuwa yeye, mtu mzima mwenye mke na binti anayesoma bara, miguu juu kichwa chini, mdomo wazi, mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake alisimama Kunihira, kifua mbele, jasho linamng'aa. Chini yao, kwa maandishi mekundu, palisomeka: BINGWA WA KISIWA ANAKUSUBIRI.

Kazi ya Tomokazu ilikuwa kupokea kamba za meli, kuzifunga, kuteremsha ngazi na kusimama pembeni wakati abiria wanashuka. Wageni walishuka, wakaingia ukumbini, wakaliona bango. Kisha mmoja wao aligeuka akamtazama tena yule mtu wa kamba, mwenye glavu na kofia ya plastiki, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Wengine walikuwa na adabu, wakacheka kwa ndani. Wengine walimwendea kabisa.

"Samahani, kaka. Huyu wa chini si wewe?"

"Karibuni kisiwani," Tomokazu aliwajibu, na kwenda kukunja kamba ambayo alikwisha kuikunja.

Kuanguka hakukumuuma. Alikuwa ameanguka kwa hiari yake, na hilo ndilo ambalo hakuruhusiwa kulisema.

Kisiwa cha Dogo, ambacho licha ya jina lake ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya Oki, huko Japani, hakina mashindano ya mieleka ya kila mwaka. Watu hungoja jambo la heri: hekalu limeezekwa upya, bwawa limekamilika, barabara imetobolewa kupita mlimani. Ndipo ulingo hujengwa, vijiji vikagawanyika pande mbili, mapambano yakaanza jioni na kuendelea hadi mchana wa siku ya pili. Kila jozi hupambana mara mbili. Mwereka wa kwanza ni wa kweli. Hapo mtu humwaga kila alichonacho. Wa pili, aliyeshinda humwachia mwenzake. Hesabu inakuwa sare, kila mmoja anarudi kwao na uso wake, na tangu siku hiyo wawili hao ni ndugu, watazikana na kuozeshana watoto. Nani alishinda wa kwanza, haulizwi. Waliokuwapo wameona.

Safari hii lilikuwa paa la hekalu. Tomokazu alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu ujana wake, kwa sababu mtu wa pambano la mwisho huchaguliwa mmoja tu kila upande, na nafasi hiyo huweza kukupita maisha yako yote ukiwa umesimama tayari. Alipochaguliwa, Hatsumi mkewe alilia jikoni, kisha akafuta macho na kuanza kumlisha. Majira yote ya joto mtu huyo alikula, akasukuma gogo, akatambaa ngazi za hekalu na mpwa wake mgongoni. Upande wa pili walimchagua Kunihira wa kijiji cha kaskazini, mwenye nyumba ya wageni, mtu mnene, mcheshi, mwepesi wa miguu kuliko anavyoonekana.

Mwereka wa kwanza uliwachukua muda mrefu. Walisukumana mabegani kama mafahali, na kila mara mmoja alipodhani amempata mwenzake, mwenzake alirudi. Watu walirusha chumvi ya kutakasia ulingo mpaka hewa ikawa nyeupe. Mwishowe Tomokazu alihisi goti la kushoto la Kunihira limelegea, akavuta mshipi wake kwa mikono miwili, akamnyanyua, akamlaza chini mzima mzima. Kishindo kilisikika hadi jikoni walikokuwa wanawake. Wazee wazima walikumbatiana. Hatsumi alitoka na mwiko mkononi, akasimama tu.

Katikati ya kelele hizo ndipo basi lilipofika. Lilileta watalii waliolala katika nyumba ya wageni ya Kunihira mwenyewe, wakachelewa mezani kwa sababu ya mapochopocho ya mkewe, na pamoja nao alikuwa mpiga picha wa kampuni moja ya safari ya bara. Aliruka kutoka garini, akajipenyeza mbele, akapiga magoti ukingoni mwa ulingo. Mwereka wa kwanza haukuwapo tena. Ulikuwapo wa pili.

Na Tomokazu aliufanya wa pili kwa uaminifu. Mtu akimwachia mwenzake kwa dharau, akajibwaga kama gunia, amemtukana yeye na kijiji chake. Lazima ushindane, usukume, utoe jasho, kisha uanguke pale ambapo mtu wa kweli angeanguka. Alimpa Kunihira ubavu, Kunihira akaushika, na Tomokazu akapaa, akatua kwa uso. Wazee wa pande zote mbili walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hawajaona sare nzuri kama ile kwa miaka mingi, walisema. Kila mmoja alipewa nguzo yake ya ulingo, akabebwa juu yake na wenzake hadi nyumbani. Kunihira, kabla hawajaachana, alimshika Tomokazu mkono akamwita ndugu yangu, na macho yake yalikuwa na machozi.

Bango lilikuja mwezi wa tatu.

Wiki ya kwanza Tomokazu alicheka na wenziwe wa gatini. Wiki ya pili alicheka wakicheka wao. Halafu akaacha. Lililokuwa likimchoma ni lile neno, bingwa. Kisiwa kizima kilijua kwamba katika mieleka yao hakuna bingwa, na hakuna hata mmoja aliyelipita lile bango akasema hapa pana uongo. Walipita na mifuko yao ya vitunguu, wakanunua tiketi zao.

Akaenda kwa Mzee Sadakichi, msimamizi wa mieleka upande wao, mtu ambaye neno lake moja lingelitoa bango hilo kabla ya chai. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akampa mto akalie vizuri zaidi, akamuuliza anataka nini hasa.

"Watoe lile neno, mzee. Picha waiache."

"Wakikuuliza kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli. Hatuna bingwa."

"Watasema, huyu anaona uchungu kwa kuwa hakuitwa yeye."

"Mimi sijasema niitwe mimi."

"Najua hujasema. Ndiyo maana nakwambia usianze." Mzee alijimiminia chai. "Kila mtu kisiwani anaweza kuyasema haya, Tomokazu, isipokuwa wewe."

"Basi aseme mwingine. Sema wewe, mzee."

Mzee Sadakichi akaeleza kwamba yeye akisema itaonekana Tomokazu ndiye aliyemtuma, na kwa kuwa kweli amekuja hapa, itakuwa kweli amemtuma. Mtu wa kulisema ni Kunihira. Yeye ndiye aliyeitwa bingwa. Akilikataa yeye, hakuna wa kuona vibaya, na sifa itakuwa yake.

Tomokazu aliona hilo ni sawa. Jumapili aliendesha gari hadi kaskazini. Uwanja wa nyumba ya wageni ulikuwa umejaa magari ya kukodi, na mlangoni palikuwa na bango lilelile, dogo kidogo, limewekewa fremu. Kunihira alitoka na aproni kiunoni, mikono inanuka chaza, akamkumbatia, akamsukuma kwenye kiti, akamletea sahani kabla hajasema lolote. Ndugu hapewi nafasi ya kukataa. Tomokazu alikula chaza watatu wakubwa kama kiganja, kisha akalisema alilojia, kwa upole, akianza na hali ya hewa.

Kunihira aliangalia bango, akaangalia magari.

"Kweli," alisema. "Kweli kabisa. Hata mimi naona aibu, unajua? Nitalifikiria."

Katika kisiwa hicho kila mtoto anajua maana ya nitalifikiria. Ni hapana iliyovaa nguo za kutokea. Tomokazu naye alijua. Lakini njiani akirudi alijiambia kwamba ndugu hamwambii ndugu neno la namna hiyo, kwamba Kunihira ni mtu wa maneno yaliyonyooka, kwamba atalifikiria kweli. Akangoja. Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukapita. Kila asubuhi aliingia ukumbini akitazama ukuta kwanza kabla ya kitu chochote, na kila asubuhi ukuta ulikuwa na jibu lake.

Na kosa la Kunihira lazima litajwe waziwazi, kwa sababu yeye mwenyewe alijitahidi sana lisionekane kosa. Hakuwahi kumwambia mgeni kwamba yeye ni bingwa. Mgeni alipomwita bingwa, alicheka na kukuna shingo. Alikuwa amegundua kwamba desturi inayomkataza mtu kujisifu inaweza pia kumfaa mtu anayesifiwa kwa uongo, mradi afunge mdomo. Kimya cha Tomokazu kilimgharimu kila siku. Kimya cha Kunihira kilimletea wateja. Ukisimama mbali, vimya viwili hivyo vinafanana, na watu wa kisiwa walipenda kusimama mbali.

Hatsumi alikuwa na kibanda chake katika ukumbi wa abiria gatini, akiuza supu ya tambi na matonge makubwa ya wali yaliyofunikwa mwani wa miambani, umepakwa sosi na kuokwa kidogo. Siku moja ya mwezi wa sita upepo ulivuma vibaya, meli ya mchana ikafutwa, na abiria wakabaki wamekaa juu ya mizigo yao. Tomokazu alikuwa akizunguka na ndoo, akipangusa maji yaliyoingia chini ya milango. Bibi mmoja wa mji wa Osaka, mfupi, mwenye nywele alizozitia rangi ya zambarau, alikuwa amemaliza tonge la pili, akalitazama bango, akamtazama Tomokazu, akafurahi sana.

"Ewe mwanangu! Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, bibi."

"Mwili wote huo?" Alipima mabega yake kwa mikono, mbele ya watu. "Ukaanguka kama furushi la nguo chafu. Haya, niambie, mkeo anakulisha kweli, au matonge yote anatuuzia sisi?"

Watu wakacheka. Hata Hatsumi, nyuma ya kibanda chake, alicheka kidogo, kama muuzaji anavyopaswa. Lakini Tomokazu alimwona akiinamisha uso kwenye sufuria. Yule mwanamke alikuwa ameamka gizani majira mazima ya joto kumpikia, na sasa anafanyiwa mzaha kwa anguko ambalo chakula chake ndicho kilichoweza kulifanya lionekane la kweli.

"Wa kwanza nilimwangusha mimi," alisema Tomokazu.

Hakupandisha sauti. Alilisema akiwa amekamata kitambaa cha kupangusia, kama mtu anayetaja saa.

"Wa kwanza upi?" aliuliza bibi.

Hapo angeweza kunyamaza. Badala yake aliweka ndoo chini, akamweleza: mapambano ni mawili, la kwanza la kweli, la pili la kuachia, basi lilichelewa, mpiga picha aliona la pili. Alieleza vizuri, na alipokuwa akieleza alijisikia mwepesi kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu masika. Bibi alimsikiliza kwa macho makubwa. Alipokwisha, akageuka kwa ukumbi mzima, akasema kwa sauti ya watu wa kwao, ambao hawana sauti nyingine:

"Jamani, mmesikia? Bango hili ni la uongo. Huyu ndiye bingwa!"

Neno lilelile. Tomokazu alijaribu kumwambia kwamba hapana, siyo hivyo, hakuna bingwa, lakini watu walikuwa wamekwisha inua simu zao na kumpiga picha na ndoo yake.

Kabla ya jioni kisiwa kizima kilijua kwamba Tomokazu amejitangaza. Walioyapita maneno ya uongo tangu mwezi wa tatu bila kuinua nyusi, sasa walikuwa na mengi ya kusema. Walisema hawakumtegemea. Walisema marehemu baba yake asingefanya vile. Mzee Sadakichi alikuja mwenyewe hadi mlangoni, akakataa kuingia, akasema tu kwamba chupa nzuri ya sake, ile pombe ya mchele, ipelekwe kaskazini kesho, na mwenye kuipeleka ajue la kusema.

Hatsumi aliifunga chupa kwenye kitambaa bila kumtazama mumewe.

"Ulichosema ni uongo?" aliuliza.

"Si uongo. Ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Basi unakwenda kuomba radhi ya nini?"

"Ya kukisema."

"Na yeye ataomba ya nini?"

Tomokazu akachukua chupa.

Alimkuta Kunihira kwenye ukumbi wa kulia, wageni wamekaa mbele ya sahani zao. Angeweza kumwita pembeni. Lakini aliyekosea hadharani huomba radhi hadharani. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hakutaka kufanya nusu. Alipiga magoti kwenye mkeka, akaweka chupa mbele, akainamisha paji la uso hadi chini, akasema kwamba amevunja alichotakiwa kukitunza, na kwamba amemwaibisha ndugu yake na upande wake.

Neno moja tu la Kunihira lingetosha hapo. Halikuhitaji hata kuwa neno. Angeweza kupiga magoti naye, mbele ya wageni wake, na wote wangeelewa. Tomokazu, paji la uso likiwa bado mkekani, alilingoja.

"Yamepita, ndugu yangu," alisema Kunihira. "Inuka. Hata sikumbuki umekosa nini."

Wageni walipiga makofi. Bwana mmoja mwenye miwani alimwambia mkewe kwamba huo ndio ukubwa wa roho wa mtu bingwa.

Baadaye kwenye njia nyembamba ya jikoni Kunihira alimshika bega, ana kikombe mkononi, uso umemwiva kwa sake.

"Ule wa kwanza," alinong'ona, "ulinibwaga vibaya sana. Mgongo unaniuma mpaka leo. Nasema kweli, sijawahi kukutana na mtu kama wewe."

"Waambie wao."

"Ah, wale? Wakijua itawasaidia nini?"

"Waambie, Kunihira. Sasa hivi. Mimi nitakaa hapa hapa, sitatoka."

Kunihira alitazama pazia la mlango, akasikiliza vicheko vya upande wa pili. Kwa muda ilionekana kama angekwenda. Kisha akamsogezea kikombe.

"Nitalifikiria," alisema.

Tomokazu hakukipokea kikombe. Alivaa viatu vyake akaenda zake, na njia nzima aliendesha huku akibishana na kioo cha mbele.

Bango halikutoka. Kilichobadilika ni kwamba wenzake wa gatini waliacha kumtania, jambo lililokuwa baya zaidi, na Mzee Sadakichi alimwitikia salamu kwa urefu wa kawaida, ili watu waone kwamba mambo yamekwisha. Mambo yalikuwa yamekwisha kwa kila mtu. Desturi ile iliwekwa ili watu wawili wasiwekeane kinyongo, na sasa Tomokazu alikuwa na kinyongo kikubwa kuliko ambacho angekuwa nacho kama angeshindwa kihalali mara zote mbili. Hakuwa na mahali pa kukiweka. Kwa hesabu ya kisiwa, walikuwa sare.

Wiki ya mwisho ya msimu wa chaza, kapu lilikuja nyumbani kwao. Lilitoka kaskazini, limejaa hadi kwenye mpini, chaza wa miambani wazito, wamefunikwa majani mabichi. Hapakuwa na ujumbe. Hatsumi aliwafungua wachache akawaweka mezani na limau. Tomokazu alisema hatakula. Kisha alikula, na kilichomkera ni kwamba walikuwa watamu.

Siku ya pili, alipotoka kazini, alipitia kwa binamu yake mwenye shamba la chaza pwani ya mashariki. Alirudi nyumbani akalitua kapu lilelile kwenye meza ya jikoni. Lilikuwa limejaa tena.

"Nini hiki?" aliuliza Hatsumi.

"Cha kumrudishia."

Hatsumi alifunua majani akatazama. "Chaza kwa chaza?"

"Kama alivyoleta yeye. Limejaa sawasawa, nimelinganisha."

Hatsumi alikaa chini taratibu. Anayepewa hurudisha nusu, ndivyo wanavyofanya wote. Nusu nyingine hubaki kama uzi kati ya nyumba mbili. Kurudisha sawasawa na ulichopewa ni kumwambia mtu kwamba hutaki chochote chake kikubakie mkononi, hata salamu. Hakuna anayefanya hivyo isipokuwa amekusudia.

"Umekusudia?" aliuliza.

"Nimekusudia."

"Na watu wakisema?"

"Wanasema sasa, Hatsumi. Wanasema nikinyamaza, wanasema nikisema. Mara moja tu katika kisiwa hiki nataka nifanye jambo, na jambo hilo libaki kama nilivyolifanya."

Hatsumi alimsikiliza, na kwa kuwa alikuwa upande wake, na alikuwa amekuwa upande wake tangu mwanzo, hakumwambia kwamba amekosea. Alikwenda akaleta beseni. Akaanza kuwatoa chaza kapuni mmoja mmoja, akiwaweka kwa utulivu, maganda yakigongana. Tomokazu alisimama palepale. Angeweza kumshika mkono, na wala hakumshika.

"Hata kugombana mmenikataza," alisema.

"Nani kakukataza? Gombana." Hatsumi aliyaweka majani sawa juu ya kapu lililobaki nusu, akalisukuma kuelekea kwake. "Ila hili unapeleka nusu."

Alilichukua kapu, akatafuta funguo za gari.